Wasiohesabiwa Wako Nyuma ya Mlango: Mwongozo wa Kupanga Uhamasishaji wa Sensa Mtaani

Aprili 2021, matokeo ya sensa ya Marekani ya mwaka 2020 yalipotangazwa, jimbo la New York liliambiwa limepoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi. Upungufu ulikuwa watu 89. Kama wangehesabiwa watu 89 zaidi, na majimbo mengine yakabaki na hesabu zilezile, kiti kisingeondoka. Jimbo lina watu zaidi ya milioni 20, na waliopungua wangetosha kwenye mabasi mawili.

Nimefanya kazi ya kuhamasisha sensa kwa kujitolea, na kwa ninavyoona, watu kama hao hawajifichi msituni. Wengi wamo ndani ya nyumba ambazo karani amepita, amepokelewa vizuri na ameaga. Ni kichanga ambaye mama yake hakudhani anahesabika, kijana aliyepanga chumba cha uani, dada wa kazi, babu aliyekuja kutibiwa akakaa mwaka mzima.

Kikao cha kwanza cha uhamasishaji karibu kila mara huanza na mtu kuuliza, "Gari la matangazo tunalipata wapi?" Swali hilo mimi huliweka pembeni. Kipaza sauti kinamfikia yule ambaye angehesabiwa hata usingempigia kelele. Mwongozo huu ni wa kuwafikia wale wengine.

Hatua ya 1: Jua sensa yenu inahesabu nani

Kabla hujamwita mtu kwenye kikao, soma maelekezo rasmi ya ofisi ya takwimu ya nchi yako, usitegemee kumbukumbu za sensa iliyopita. Ziko nchi zinazomhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, hata akiwa mgeni wa siku moja. Tanzania ndivyo inavyofanya: mwaka 2022 maswali yalihusu usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kenya mwaka 2019 ilihesabu kwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Nchi nyingine humhesabu mtu mahali anapoishi siku zote, popote alipolala usiku ule. Marekani inafuata njia hii ya pili, na siku inayoangaliwa ni tarehe 1 Aprili.

Tofauti hiyo ndiyo itakayokuumiza kichwa mlangoni. Dereva wa masafa marefu, mwanafunzi wa bweni, mgonjwa aliyelazwa, mwenye familia mbili: kila mmoja atakuuliza, "Sasa mimi nahesabiwa wapi?" Ukimjibu kwa kukisia, ama atahesabiwa mara mbili ama hatahesabiwa kabisa.

Jua pia njia itakayotumika. Karani akija na kishikwambi, kazi yenu ni kuhakikisha mlango unafunguliwa na aliyeko ndani ana majibu. Ikiwa watu wanajaza wenyewe mtandaoni, nusu ya kazi inakuwa kutafuta mahali ambapo asiye na simu ya kisasa atasaidiwa, faragha yake ikilindwa.

Yote hayo yaingie kwenye karatasi moja: tarehe, nani anahesabiwa wapi, njia, na namba rasmi ya msaada. Kila mhamasishaji aibebe. Ikizidi ukurasa mmoja, haitasomwa.

Hatua ya 2: Chora ramani ya wanaoweza kukosekana

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haina picha nzuri ya kupiga.

Chukua karatasi kubwa, chora barabara, vichochoro na majengo ya eneo lenu. Usianze na ramani ya kompyuta, watu wazima hukaa kimya mbele ya kioo lakini wakipewa kalamu wanabishana, na ubishi ndio unaoutaka. Kisha tembea. Tembea mara tatu: asubuhi siku ya kazi, jioni, na usiku. Eneo moja lina watu tofauti kwa saa tofauti. Stoo iliyofungwa mchana unaweza kuikuta usiku imelaza vijana watano. Jengo linaloendelea kujengwa lina mlinzi, na mlinzi huenda ana mke na mtoto pale pale nyuma ya matofali.

Unapotembea, tafuta dalili ndogo: mita mbili za umeme kwenye nyumba inayoonekana moja, nguo za mtoto kwenye kamba ya nyumba unayoambiwa ni ya wazee tu, mlango wa pembeni wenye kandambili nje, ngazi inayopanda juu ya duka. Kila dalili weka alama. Usiandike majina ya watu. Andika "mlango wa nyuma, kuna wakazi" na inatosha. Orodha ya majina ikipotea mikononi mwa kamati, uhamasishaji umekufa siku hiyo.

Ukirudi, panga alama zako kwa makundi. Kila mahali makundi yana sura yake, lakini haya hayakosi kuwemo:

Watoto wadogo. Watu hudhani mtoto hakosekani kwa kuwa yuko na mama yake. Tathmini iliyofanywa baada ya sensa ya Marekani ya 2020 ilikuta watoto wa chini ya miaka 5 wamehesabiwa pungufu kwa asilimia 2.79. Wanakosekana hasa pale wanapolelewa na bibi, pale wazazi wametengana, na pale anayejibu anadhani sensa ni ya watu wazima.

Wapangaji na wanaoishi kwa kushikizwa. Mwenye nyumba anaweza kumtaja mpangaji mmoja kati ya sita, kwa sababu anaogopa kodi ya mapato au hataki majirani wajue amegawanya vyumba. Wakati mwingine mpangaji mwenyewe ndiye aliyewaingiza ndugu zake kinyume cha mkataba.

Wafanyakazi wa ndani, walinzi, na watu wa zamu za usiku. Hawa nitawarudia, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuwaumiza.

Watu wenye ulemavu au maradhi ambao familia huona haya kuwataja. Hapa mhamasishaji mwenye sauti kubwa ni hasara tupu.

Wahamiaji na wakimbizi, wasio na makazi, wafugaji wanaohama, wavuvi walioko majini, na jamii zilizowahi kuonewa na serikali. Tathmini ileile ya Marekani ilionyesha wenyeji wa asili wanaoishi kwenye maeneo waliyotengewa walikosekana kwa asilimia 5.64, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa asilimia 4.99 na watu weusi kwa asilimia 3.30. Upande wa pili, weupe wasio na asili ya Amerika ya Kilatini walihesabiwa zaidi ya idadi yao halisi, kwa asilimia 1.64. Sababu moja ya hesabu kuzidi ni mtu kuandikwa mara mbili, mathalani mwenye nyumba mbili, au mwanafunzi anayeandikwa chuoni na nyumbani.

Hilo la mwisho lisikupite. Hesabu kamili maana yake kila mtu mara moja. Kuna viongozi watakaokuja kukushauri "mjaze kidogo" ili eneo lipate mgao mkubwa. Nchini Kenya, matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8 za kaskazini yalifutwa na serikali mwaka 2010 kwa maelezo kwamba idadi imepanda kupita kiasi, na suala hilo likaishia mahakamani. Eneo likishatiliwa shaka, hata waliohesabiwa kwa haki wanaingia kwenye mgogoro.

Hatua ya 3: Unda kamati kutokana na ramani

Kosa la kawaida ni kuunda kamati kwanza, kwa vyeo, halafu ndiyo watu waanze kujiuliza wafanye nini. Geuza utaratibu. Kwa kila kundi kwenye ramani jiulize: ni nani akibisha hodi kwao wanafungua bila kuchungulia? Jina linalokuja ndilo la kamati.

Mara nyingi utashangaa. Kwa akina mama wenye vichanga anaweza kuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Kwa vijana wa vyumba vya kupanga ni fundi simu au kinyozi. Kwa wahamiaji ni yule mmoja anayewatafsiria hospitalini. Viongozi wa dini utawahitaji pia, wa kila dini iliyopo, na wote kwa pamoja tangu siku ya kwanza. Ukianza na wa upande mmoja, upande mwingine utaambiwa sensa ni ya wale.

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wakizidi hapo, vikao vinageuka hotuba.

Wapo wa kuwaweka mbali kwa heshima. Mgombea wa cheo chochote, hata awe mtu mwema kiasi gani, kwa sababu kila mlango atakaogonga utakuwa wa kampeni. Mkusanya kodi. Mtu anayejulikana kuwa na ukaribu na polisi au maofisa wa uhamiaji. Na mwenye nyumba asipelekwe kuwahamasisha wapangaji wake mwenyewe. Kitaifa sura inayojulikana husaidia: Tanzania ilimteua Anne Makinda, spika mstaafu wa Bunge, kuwa Kamisaa wa Sensa ya 2022. Lakini jina kubwa halifungui chumba cha uani. Huko anahitajika jirani.

Gawaneni kazi mapema: mmoja wa kuwasiliana na ofisi ya takwimu, mmoja wa kushika ramani, mmoja wa fedha, mmoja wa kufuatilia uvumi. Kuhusu fedha, maoni yangu ni mepesi: nauli na maji ya wahamasishaji kwanza, fulana mwisho. Nimeona kamati iliyokuwa na fulana za kila mtu na haina nauli ya kufika upande wa pili wa mto.

Hatua ya 4: Sikiliza hofu kabla ya kuandika ujumbe

Usiandike tangazo lolote kabla kamati haijaongea na watu wa makundi yale, watatu watatu au wanne wanne, bila kinasa sauti. Swali ni moja: "Kwa nini mtu wa hapa anaweza kukataa kuhesabiwa?" Uliza kuhusu "mtu wa hapa", usiulize "wewe". Atakueleza ya kwake akiyaweka kwa jirani.

Utasikia kodi. Utasikia ardhi kuchukuliwa, kubomolewa nyumba, kufukuzwa nchini, kukatiwa msaada. Utasikia kwamba kuhesabu watoto kunaleta mkosi, na wengine watakukumbusha hesabu aliyoifanya Mfalme Daudi na tauni iliyofuata. Usicheke. Mwachie kiongozi wa dini wa mtu huyo amjibu, maana wewe ukijibu mtabishana maandiko hadi jioni.

Hofu ya serikali kutumia taarifa vibaya haikutoka hewani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ofisi ya sensa ya Marekani ilitoa takwimu za mahali walipoishi watu wenye asili ya Kijapani, zikatumika katika kuwakusanya na kuwapeleka kambini. Mkuu wa ofisi hiyo aliomba radhi mwaka 2000. Mtu akikuambia haamini, ana sababu. Mpe sheria ya nchi yako kwa maneno ya kawaida: nani anaruhusiwa kuona dodoso lake, adhabu ya karani anayetoa siri ni ipi, majina yatafunguliwa lini kama yatafunguliwa. Marekani, kwa mfano, karani anayevujisha taarifa anaweza kufungwa hadi miaka 5, na kumbukumbu za watu binafsi hubaki zimefungwa kwa miaka 72. Tafuta kifungu kama hicho katika sheria yenu ya takwimu, kinakiliwe kwenye ile karatasi moja.

Na usiahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwako. "Mkihesabiwa zahanati itajengwa" ni deni utakalodaiwa miaka kumi. Sema kilicho kweli: anayepanga zahanati anaangalia idadi hii, na kama watoto wa mtaa huu hawamo, kwenye mipango yake hawapo.

Hatua ya 5: Andika ujumbe, kisha mpe mtu auvunje

Ujumbe mzuri wa sensa ni mfupi kiasi cha kukaririwa na mtoto. Unataja siku, unataja nani anahesabiwa, unataja siri, basi. Kila kundi lipate sentensi yake. Mama wa kichanga aambiwe habari ya kichanga, mlinzi aambiwe habari ya mlinzi. "Sensa ni kwa maendeleo ya taifa" haimgusi aliyekuwa anajiuliza kama mtoto wa dada yake anaandikwa.

Sasa lile la watu wa zamu. Mwaka mmoja tulichapisha vipeperushi vilivyosema: "Watahesabiwa wote watakaolala nyumbani usiku wa sensa." Tuliona ni Kiswahili safi, tukavigawa mtaa mzima. Siku chache kabla ya sensa mlinzi mmoja alinisimamisha, akanionyesha kipeperushi kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, mimi usiku huo silali. Na nyumbani simo. Kwa hiyo mimi siyo mtu?" Manesi wa usiku walikuwa wamesoma hivyohivyo, na waokaji mikate. Utaratibu rasmi ulikuwa kwamba aliyeko kazini usiku ule anaandikwa kwenye kaya yake, lakini sisi kwa neno moja tulikuwa tumewatoa. Tulizunguka tukirekebisha kwa kalamu.

Tangu hapo kila ujumbe naupeleka kwanza kwa watu watatu: mtu wa zamu, mtu anayeishi kwenye nyumba ya mwenzake, na mtu ambaye lugha hiyo kwake ni ya pili. Siulizi "Umeelewa?" kwa sababu kila mtu husema ndiyo. Nauliza, "Kwa maneno haya, wewe unahesabiwa wapi?" Wakitofautiana, karatasi inarudi mezani.

Tafsiri ifanywe na mtu anayeongea lugha hiyo nyumbani kwake, na isomwe kwa sauti, kwani wengi wataisikia redioni au katika ujumbe wa sauti kabla hawajaiona kwenye karatasi. Kwa viziwi andaa video fupi ya lugha ya alama. Kwa wasioona, mtu wa kuwasomea.

Hatua ya 6: Wafundishe wahamasishaji kubisha hodi

Mafunzo ya siku moja yanatosha ikiwa nusu yake ni igizo. Wagawe wawili wawili, mmoja awe mwenye nyumba mgumu. Mazungumzo yafanane na haya, kwa nchi inayohesabu pale mtu alipolala:

— Hodi wenyewe.
— Karibu.
— Shikamoo mama.
— Marahaba. Hujambo?
— Sijambo mama. Natoka kamati ya sensa ya hapa mtaani. Sijaja kuandika kitu, karani atakuja siku yake. Nimepita ili tujiandae. Hapa nyumbani mko wangapi?
— Tuko wanne. Mimi, baba yao na watoto wawili.
— Na kichanga nilichokisikia kinalia?
— Aa, huyo ana wiki tatu tu. Naye anaandikwa?
— Anaandikwa mama, hata angezaliwa siku moja kabla. Kuna anayekusaidia kazi?
— Yupo binti, lakini huyo kwao ni mbali.
— Usiku wa sensa atalala wapi?
— Atalala hapa hapa.
— Basi yumo. Na chumba cha uani?
— Kuna kijana amepanga. Huyo anajitegemea, hata chakula anapika mwenyewe.
— Basi huyo ni kaya yake. Karani itabidi abishe na kwake.

Wanne wamekuwa sita, na kaya ya pili imepatikana. Hakukuwa na hotuba. Angalia pia kwamba mhamasishaji hakumwambia mama "umekosea", wala hakuuliza majina, umri au kabila. Swali la "mko wangapi" peke yake huleta jibu la familia anayoibeba mtu kichwani. Maswali ya nani analala wapi, nani anakula chungu kimoja, ndiyo yanayoleta kaya.

Mipaka iwekwe wazi. Mhamasishaji hajazi dodoso, haandiki majina, haingii ndani karani anapouliza maswali isipokuwa utaratibu rasmi umempa nafasi hiyo. Aliyekula kiapo cha kutunza siri ni karani. Wafundishwe vilevile kumweleza mwananchi namna ya kumtambua karani wa kweli: kitambulisho, sare kama ipo, na namba ya kupiga kuhakikisha. Matapeli wanajua tarehe ya sensa kama wewe. Karani haombi fedha, haombi namba ya siri ya simu wala ya benki.

Watembee wawili wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanaume. Nyumba yenye mbwa iwekewe alama kwenye ramani.

Hatua ya 7: Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Anza na siku ya sensa, kisha rudi nyuma. Mwaka mmoja kabla: ramani na majina ya kamati. Miezi 6 kabla: kusikiliza hofu, kuzungumza na ofisi ya takwimu, kuomba nakala ya ramani zao za maeneo ya kuhesabia ili mlinganishe na yenu. Hapa ndipo kazi ya karatasi kubwa inapolipa, kwa sababu mtaa mpya ulioota baada ya ramani rasmi kuchorwa utaonekana mapema na ofisi itakuwa bado na muda wa kumpangia karani.

Miezi 3 kabla, hakikisheni matangazo ya ajira za ukarani yanafika kwa vijana wa makundi yenu. Karani anayeongea lugha ya kichochoro anafanya kazi ya vipeperushi elfu. Mwezi mmoja kabla ndipo ujumbe unapotoka na milango inaanza kugongwa. Mapema kuliko hapo watu husahau.

Wiki ya mwisho iwe ya kuandaa majibu: kila kaya iwe na karatasi ndogo yenye majina na umri wa wote watakaolala pale, ibaki ndani mwao, ili karani asimkute kijana wa miaka 14 anayejibu "sijui baba amezaliwa lini". Na hapo, sawa, liiteni lile gari la matangazo.

Hatua ya 8: Siku zenyewe

Kamati ikutane kila jioni kwa nusu saa, imesimama, mbele ya ramani. Kila kundi: wamefikiwa, hawajafikiwa, wamekataa. Palipobaki, kesho aende mtu mwingine, kwa saa nyingine. Nyumba iliyogongwa mara tatu saa nne asubuhi haijajaribiwa hata mara moja ikiwa wenyewe hurudi saa mbili usiku.

Wasio na makazi wahesabiwe na karani akiwa na mtu wanayemfahamu, mahali wanapolala au wanapopewa chakula, kwa usiku uliopangwa. Zungumzeni nao kabla, kwani msafara wa watu wenye tochi usiku wa manane hufanana sana na msako.

Mfuatilia uvumi awe macho kwenye makundi ya WhatsApp. Uvumi ukitokea asubuhi, jibu litoke kabla ya jioni, kwa sauti ya mtu anayejulikana na bila kuurudia uvumi wenyewe. Sema lililo kweli tu: "Karani haulizi habari za akiba ya benki. Akiuliza, piga namba hii."

Muwe na mpango wa mambo kuharibika. Tarehe 9 Agosti 2016, usiku wa sensa ya Australia, tovuti ya kujaza fomu ilizimwa na ikabaki hivyo kwa karibu saa 40. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliilazimisha Marekani kusogeza hesabu ya wasio na makazi kutoka mwishoni mwa Machi hadi Septemba. Scotland mwaka 2022 iliongeza muda wa kurudisha fomu hadi mwisho wa Mei kwa sababu watu wengi hawakuwa wamejibu, na hata hivyo mwitikio haukufika asilimia 90, wakati Uingereza na Wales mwaka uliotangulia walifikia asilimia 97. Weka akiba ya nauli na ya watu kwa wiki mbili za ziada. Usiwachoshe wahamasishaji wote siku ya kwanza.

Hatua ya 9: Baada ya makarani kuondoka

Kwa siku chache za mwisho piteni mkiuliza swali moja tu: "Kuna mtu hapa hakuulizwa?" Aliyekosekana apelekwe kwa msimamizi wa sensa au apigiwe namba rasmi kabla dirisha halijafungwa. Msimwandike nyinyi.

Wiki au miezi baadaye, nchi nyingi hufanya tathmini: maeneo machache huhesabiwa upya, kwa siri na bila kushauriana na makarani wa kwanza, ili kujua waliokosekana ni asilimia ngapi. Afrika Kusini ilitumia njia hiyo na kukuta sensa yake ya 2022 imewakosa watu kwa kiasi cha asilimia 31, ndipo idadi ya mwisho ikarekebishwa hadi kufikia milioni 62. Mtaa wenu ukichaguliwa, kamati ikae mbali. Msipite mkikumbusha watu majibu waliyotoa mara ya kwanza wala kuwaelekeza waseme nini. Wakiuliza, waambieni wajibu kama walivyo.

Ramani ile kubwa itengenezwe nakala mbili, moja ofisi ya mtaa na moja kwa mtu anayetunza vitu. Nyuma yake andikeni ni nani alifungua mlango wa kundi gani, na saa ngapi ndipo watu walipatikana nyumbani.